Waziri Aliyecheka Usingizini

Mtu akienda kuposa hubeba maneno matamu. Mfasiri alibeba biskuti, na maneno yake yalikuwa yamemtangulia ndani ya bahasha.

Bahasha hiyo ilitumwa na mhariri, ambaye ndiye aliyekuwa anaposwa. Hakuwa na nia mbaya. Shirika la uchapishaji alikofanya kazi lilikuwa linatoa upya kitabu cha hadithi cha baba yake, kile ambacho karibu kila aliyepita shule amewahi kukisoma, na utaratibu ni kwamba mwenye kitabu hutumiwa kurasa zote kabla hazijapigwa chapa, pamoja na dibaji mpya. Dibaji ilikuwa imeandikwa na mfasiri. Mhariri alijua baba yake hasomi dibaji. "Dibaji ni mtu anayekusimamisha mlangoni kukueleza sebule ilivyo," mzee alizoea kusema. Alichosahau mhariri ni kwamba siku hizi macho ya baba ni mabovu, anayemsomea ni shangazi, na shangazi haruki hata tangazo la dawa ya mende.

Kwa hiyo Jumapili ile mchana walipoingia sebuleni, kurasa zilikuwa mezani zikiwasubiri, miwani ya shangazi juu yake kama askari wa zamu.

"Shikamoo, mzee," mfasiri alisema.

"Marahaba. Kaa."

Akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, kile cha karibu na kabati la vitabu. Mhariri alifungua mdomo, baba yake akamtazama, naye akaufunga. Springi ya kiti hicho ilikuwa imetoka tangu mwaka jana na kila mgeni wa heri huonywa. Mfasiri alishtuka kidogo, akajikaza, akaweka biskuti mezani.

Mtaani mzee huyu aliitwa Fundi, ingawa ilikuwa zamani sana alipotengeneza redio ya mtu kwa mara ya mwisho. Hadithi za kitabu kile hakuzitunga yeye. Zilikuwa za mkewe. Mke alisimulia, Fundi akaandika, na alipofariki mke, kitabu kikabaki kuwa sauti yake pekee ndani ya nyumba. Shangazi, dada yake Fundi, alihamia hapo kwa wiki moja ya msiba na hajaondoka mpaka leo.

"Wewe ndiye uliyeandika haya?" Fundi aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Dada, msomee."

"Baba, anajua alichoandika," mhariri alisema.

"Anajua alivyoandika. Nataka ajue yanavyosikika. Soma, dada."

Shangazi alivaa miwani, akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo cha jirani asiyempenda sana: "'Msomaji asishangae kuona kwamba sehemu kubwa ya hadithi hizi imejengwa kwa namna ya Waajemi. Hadithi inayofungua tumbo na kutoa hadithi nyingine, mfalme mwenye swali, waziri mwenye majibu ya kuzunguka, bustani yenye ndege asemaye: haya yalisimuliwa Uajemi kabla ya kufika kwa Waarabu, na kwa Waarabu kabla ya kufika kwetu.'"

"Kwa hiyo mke wangu alikuwa mwizi," Fundi alisema.

"Sikusema hivyo, mzee."

"Aliwaibia Waajemi, watu ambao hakuwahi kuwaona. Kazi ngumu hiyo."

"Hadithi haiibwi, mzee. Inasafiri. Mtu anaisikia safarini, anafika nayo nyumbani, anamsimulia mtoto. Mtoto akiwa bibi hajui tena ilitoka wapi. Imekuwa yake, na ni yake kweli. Mimi nimetaja njia tu iliyopita."

"Njia," Fundi alirudia, bila kuipenda.

"Mbona vitu vingi vimepita njia hiyo na hatugombani navyo. Hata neno bustani ni la Kiajemi. Dirisha pia."

Shangazi aligeuka akalitazama dirisha kama mtu aliyeambiwa kwamba mpangaji wake wa miaka mingi si mtu wa ukoo. "Dirisha hili?"

"Jina lake tu, shangazi."

"Mh. Mwajemi wewe una mambo." Alikuwa amempachika jina hilo siku ya kwanza alipoambiwa kijana anasoma Kiajemi, na lilikuwa limeganda, ingawa kijana alizaliwa mitaa miwili tu kutoka hapo.

Mhariri alikuwa amekaa pembeni ya kochi, mikono mapajani. Alimtazama mfasiri. Mfasiri naye alikuwa akimtazama, na kwa kitambo kidogo wakasahau kwamba kuna watu. Mhariri alikuwa na umri wa kutosha kuolewa bila kumuuliza mtu, tena serikali ingemwandikia cheti asubuhi na jioni akahama. Ila alijijua. Asingeweza kuondoka nyumba hii huku baba yake ameupa mlango mgongo. Na bila mwanamume huyu aliyekalia springi kwa adabu, hakuona maisha yake yangekuwa na maana gani. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa, na haikuhitaji mapambo.

"Ya Ajemi ningeyameza na maji," Fundi alisema. "Dada, soma pale chini. Pale ulipopiga mstari."

Shangazi alisita.

"Soma."

"'Katika hadithi ya waziri aliyecheka usingizini, msimulizi amesahau kuufunga mlango alioufungua mwanzoni. Waajemi wenyewe hawana kawaida hiyo. Kwao kila hadithi inayofunguliwa hufungwa.'"

Feni ya darini iliendelea kulalamika. Hakuna aliyegusa biskuti.

"Hilo ndilo nililokuitia," Fundi alisema. "Anayesema mke wangu alisahau hawezi kumuoa mtoto wake. Chai mtakunywa, kisha uende salama."

Hadithi yenyewe kila mtu ndani ya sebule ile aliijua. Mfalme na waziri wako mawindoni, wamelala hema moja. Usiku mfalme anamsikia waziri akicheka usingizini, na asubuhi anamuuliza alicheka nini. Waziri anasema, nitakueleza, bwana wangu, lakini kwanza sikia ya mtunza bustani na ndege wake. Ya mtunza bustani inazaa ya mhunzi wa makufuli. Ya mhunzi inakwisha, ya mtunza bustani inakwisha, mfalme anauliza tena, na hapo mama wa mhariri alikuwa akisimama, anakwenda kuangalia jiko. Kitabuni pia inaishia hapo. Wasomaji wamekuwa wakiandikia shirika kila toleo wakidhani ukurasa umedondoka.

Katika nyumba hii hadithi hiyo ilikuwa imezaa usemi. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka usingizini. Asubuhi Fundi akimuuliza alicheka nini, jibu lilikuwa moja: "Muulize waziri." Baadaye likawa la wote. Nani kavunja kikombe? Muulize waziri. Umepata alama ngapi za hesabu? Muulize waziri.

"Baba, ni sentensi moja," mhariri alisema. "Kalamu ninayo. Naifuta sasa hivi mbele yako."

"Usiifute," mfasiri alisema.

Mhariri alimgeukia kwa macho ambayo waandishi wengi wamewahi kuyakimbia. "Unasemaje?"

"Kama ni uongo nitaifuta mwenyewe. Lakini nataka kujua kwanza, mpenzi, siwezi kufuta kitu kwa sababu..." Lile neno la katikati lilikuwa limeshatua mezani, mbele ya mzee, karibu na biskuti.

"Mpenzi," shangazi alisema polepole. "Hilo nalo la Kiajemi?"

"Hapana, shangazi. Hilo la hapa hapa."

Fundi hakucheka, lakini hakufoka pia. Aliegemea nyuma, akayafumba macho yake mabovu. "Unataka kujua. Haya, jua. Mimi nilikuwa kijana, nimeitwa kutengeneza redio kwa watu. Chumba cha pili kuna msichana anawasimulia wadogo zake. Akafika pale ndege anafungua mdomo aimbe, na hapo hapo redio ikapona, ikapiga kelele, sikusikia tena. Nikalipwa, nikaondoka. Usingizi sikupata. Kesho yake nikarudi, nikasema nimesahau bisibisi."

"Ulikuwa umeisahau kweli?" mhariri aliuliza. Sehemu hii hakuwahi kuisikia.

"Ilikuwa mfukoni. Nikasema, hebu niikague redio nikiwa hapa hapa. Redio ile niliifungua na kuifunga mpaka baba mtu akaniuliza, kijana, unataka redio au unataka binti?"

"Naye akasema anataka redio," shangazi alidakia.

"Niliogopa! Siku ya pili nikarekebisha jibu." Fundi alifumbua macho. "Tulipooana nikamwambia, sasa hakuna wa kunifukuza, niambie waziri alicheka nini. Akasema, leo umechoka, lala. Nilipoandika kitabu nikamuuliza tena, akasema leo umechoka. Miaka yote mimi nimechoka tu. Kule hospitali, siku ile, nikamwinamia nikamuuliza. Akasema, 'Usiwe na haraka. Ukija, nitakwambia.'" Aliinua uso kumwelekea mfasiri. "Mtu aliyesahau hasemi hivyo, kijana. Aliyesahau husema nimesahau."

Mhariri alilia bila sauti. Shangazi alijifanya anapangusa miwani. Mfasiri hakusogea kabisa, na safari hii haikuwa adabu wala springi. Alikuwa na uso wa mtu aliyetia ufunguo kwenye kufuli alilolipita siku nyingi.

"Mzee," alisema, "kitabuni yule ndege hana rangi. Kwa marehemu mama alikuwa wa rangi gani?"

"Majivu. Mguu mmoja mwekundu."

"Na kufuli la bustani?"

"Lina matundu mawili. Moja la uongo. Kwani vipi?"

"Nimeisoma hadithi hiyo kwa Kiajemi. Hiyo hiyo, na mguu wake mwekundu."

Fundi alimtazama muda mrefu. Mtu mwingine angekasirika upya. Yeye aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko ya mwanzo, "Ndiyo hiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Isimulie. Nione kama ni yake."

Mfasiri alivuta pumzi. "Wao huanza hivi: alikuwepo mmoja, hakuwepo mmoja."

"Yeye alianza: alikuwepo, na sasa hayupo," Fundi alisema. Kisha akafunga macho tena, akamwashiria aendelee.

Akaendelea. Hakuwa msimulizi. Alitafsiri papo kwa papo, akikwama, akirudi nyuma, akipima neno kabla ya kulitoa kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mfalme akalisikia lile cheko hemani. Waziri akampeleka kwenye bustani ambayo ndege wake amegoma kuimba. Mtunza bustani akampeleka kwa mhunzi. Na kila alipopita, midomo ya Fundi ilisogea kabla yake, bila sauti, ikifika kwenye maneno ikiyangoja.

"Mhunzi akaitwa nyumba ya yule tajiri kutengeneza kufuli," mfasiri alisema, "kwa sababu kufuli lilikuwa limeharibika..."

"Zima."

"Mzee?"

"Kufuli lilikuwa zima. Mhunzi aliambiwa limeharibika, akafika akalikuta zima, akakaa analitengeneza siku nzima, kwa sababu binti wa tajiri alikuwa anaimba chumba cha pili."

"Kwa Kiajemi limeharibika kweli. Linatengenezwa, mtu anaondoka. Hakuna binti anayeimba."

Shangazi ndiye aliyesema, kwa sababu lazima mtu aseme: "Kama redio."

Fundi aliziba uso kwa kiganja. Mabega yake yalitikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au kitu kingine. Alikuwa ameiandika hadithi ile kwa mkono wake, akaisahihisha, akaisikia ikisomwa shuleni na watoto wa watu, na miaka yote hiyo hakujua kwamba yeye mwenyewe yumo.

"Hapo ni mama," mfasiri alisema taratibu. "Hapo si Ajemi, mzee. Hapo ni mama mwenyewe, anakusema."

"Mshenzi yule," Fundi alisema kwa mapenzi makubwa. "Endelea."

Mhunzi akamalizika. Ndege akaimba, mtunza bustani akafungua lango. Mfasiri alikuwa sasa anakwenda polepole sana, na mhariri, aliyemjua, aliona jasho juu ya mdomo wake.

"Mfalme akasema, 'Hiyo nimeisikia, na nyingine nimeisikia. Sasa niambie, waziri wangu, ulicheka nini?' Waziri akainua uso..."

Fundi aliinua mkono. "Basi."

"Mzee?"

"Hapo hapo. Usiendelee."

"Hutaki kujua?" shangazi alipaza sauti. Yeye alitaka, tena sana.

"Nataka kuliko nyote. Ila nina mtu wa kuniambia." Fundi alizikusanya kurasa, akazigonga mezani zikae sawa. "Ya Ajemi yaache yalivyo. Kama ni njia, basi ni njia, na njia yenyewe imefika mlangoni kwangu. Ile ya kusahau iondoke."

"Itaondoka. Niandike nini badala yake?"

"Andika: hapa msimulizi amenyamaza."

Mfasiri aliinamisha kichwa. Mhariri alikwishatoa kalamu.

"Na wewe, dada," Fundi aliongeza, huku akichukua biskuti ya kwanza, "mpe mkwe wangu kiti kingine. Hicho springi imetoka."

Walitoka jua likiwa bado juu. Mhariri alimsindikiza mfasiri hadi getini, wakasimama upande wa nje wa ukuta, pale ambapo watu wa ndani huamini hawaonekani. Alimshika mkono, akauweka shavuni kwake, wakakaa hivyo.

"Nilikupenda sana pale ulipokwama kwenye lile neno la kufuli," alisema. "Haya, mimi si baba. Mwisho wake ni nini?"

Mfasiri alitazama viatu vyake. "Sijui."

"Usinitanie."

"Kuna nakala mbili za kale za hadithi hiyo, zimeandikwa miji miwili tofauti. Nimezisoma zote. Zote zinaishia pale waziri anapoinua uso. Ya kwanza nilidhani imeliwa na mchwa. Ya pili nikadhani mwandishi kakatizwa. Ndiyo maana nikaandika mama yako alisahau. Nilishajiaminisha kwamba hadithi yao lazima inafungwa, hivyo kila aliyeniletea ikiwa wazi nilimwona ana kasoro."

"Kwa hiyo baba asingeinua mkono, ungemwambia nini?"

"Nilikuwa natembea kuelekea ukutani, mpenzi. Nilikuwa naomba tu ukuta uwe mbali."

Mhariri alifikiri. Alifikiri kama anavyofikiri mbele ya ukurasa, bila haraka, mpaka maana ikakaa. "Ina maana mama hakusahau."

"Hakusahau. Alipewa hivyo, naye aliyempa alipewa hivyo. Imetoka Uajemi mpaka jikoni kwenu na tundu lake, na hakuna aliyethubutu kuliziba."

"Na ina maana hakujua."



Leo umechoka, lala. Miaka yote ile. Mama alikuwa amemshika mwanamume maisha mazima kwa mkono usio na kitu ndani yake, na mwanamume hakuwahi kutaka kuondoka. Na pale hospitali, akiwa hana nguvu hata za kuinua kikombe, akamwekea miadi. Mhariri alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika geti, kisha machozi yakaja yakachanganyika humo humo, mfasiri akamfuta kwa kidole gumba.

"Usimwambie," alisema alipopata pumzi.

"Simwambii."

"Hata kwenye dibaji usiandike."

Hili mfasiri hakulikubali papo hapo. Tundu moja, mahali pale pale, katika nakala mbili za Kiajemi na katika mdomo wa mama mmoja wa mtaani: huo ulikuwa ushahidi mzuri kuliko wote aliowahi kuupata. Watu wa kazi yake huzeeka wakitafuta kitu kama hicho. Mhariri alilijua hilo vizuri, kwa hiyo hakumharakisha.

"Basi ushahidi huo hautaandikwa," mfasiri alisema.

Mhariri alimtazama. Alikuwa ameambiwa maneno mengi ya mapenzi na mwanamume huyu, mengine kwa lugha mbili, na hakuna lililowahi kumfika kama hilo. Kicheko kikamrudia, safari hii cha furaha tupu, kikampata na mfasiri.

Dirisha la sebuleni likafunguliwa. Ukuta ule haukuwa mrefu kama walivyoudhania. "Nyinyi huko," sauti ya Fundi iliita, "mnacheka nini?"

Mhariri alimshika mwenzake mkono, akavuta pumzi, akajibu kwa sauti ya kufika ndani.

"Muulize waziri, baba!"

Kisha wakamsikia mzee akicheka peke yake, polepole, kama mtu aliyelala.